Viatu vya Kazi

Binti yangu,

Kosa la wengi ni kudhani anayefanyia kazi nyumbani yupo nyumbani. Nilipokuwa nikitafsiri vitabu chumbani, nilivaa viatu, na marehemu mama yako aliwaambia wageni, "Mzee yuko kazini, hamwoni viatu?" Tulicheka sana siku zile.

Ukiwa na miaka sita ulisimama mlangoni na daftari lako, ukatazama miguu yangu, ukageuka ukarudi. Sikukuita. Ningali nakumbuka mgongo wako.

Sasa nawe huvaa viatu ukichora ramani za wateja wako, na umeniandikia ukishukuru kwamba mjukuu wangu ameacha kukugongea mlango. Usishukuru, mama.

Leo saa kumi na moja, vua viatu, kamwite.

Baba yako