Majirani Walileta Nguo za Mtoto

Shangazi Mwamini,

Shikamoo, kutoka Niboye. Mama anaendelea vizuri. Bado anatembea ameinama, kama daktari alivyotutahadharisha, maana mshono unavuta kutoka nyonga hadi nyonga. Mirija ya kutoa majimaji imeondolewa. Mkanda wa kubana tumbo anaufunga mchana na usiku, na ndoo nabeba mimi. Uvimbe utachukua miezi kuisha. Kovu litabaki.

Uliagiza tuwaambie watu kwamba ni ngiri. Jana majirani walisikia Mama amepasuliwa tumbo, wakaja guhemba, kama mzazi anavyotembelewa, na chupa ya uji na vijiguo.

"Mtoto yuko wapi?" Mama Kaze akauliza. "Mnatuficha?"

Mama aligeukia ukutani. Unajua mimi huwakimbia wageni, lakini nilisimama.

"Hakuna mtoto. Amekatwa ngozi iliyolegea, na misuli iliyoachana tangu atuzae mimi na pacha wangu imeshonwa. Kila harusi mlimuuliza atajifungua lini. Sasa hamtamuuliza."



"Ayiwee! Na uji wetu?" akasema Mama Kaze.

"Uji atakunywa."

Mama akacheka, ameshika tumbo. "Msinichekeshe, nyuzi zitakatika!"

Shangazi, unakuja Ijumaa na tunakungoja kwa furaha. Lakini usimwambie Mama ajifiche. Tumbo hilo lilitubeba wawili, naye ameamua mwenyewe kulitengeneza. Atakayemwonea aibu, aanze na mimi.

Mtoto wa kaka yako,
Yasmina