Kumrinzi Imeandikwa Msitu

Mabamba, Kibondo
9 Juni 2023

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Natumaini mgongo umepoa, na wewe na mihogo yako mnaendelea vizuri hapo Heru Juu. Mimi mzima, ila miguu si yangu tena. Nimeona niandike barua kwa sababu nikikupigia simu unaitikia "eeh, eeh" na husikii hata neno moja, usibishe. Fidele wa bodaboda ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Kasulu.

Kazi yenyewe ni kupanda na kushuka. Kila kilima nakifikia kwa miguu, nafungua kishikwambi, naweka alama: nyumba, chemchemi, njia, jina la kitongoji, idadi ya kaya. Mkuu wetu wa mradi anataka ramani ya vijiji vyote kabla ya mwisho wa mwezi. Yeye yuko Kibondo mjini, kwenye kiti.

Sasa nimekwama. Juu ya bonde la mwisho, karibu na mpaka, kuna kitongoji kinaitwa Kumrinzi. Nyumba ishirini na moja zimejificha chini ya migomba, hata picha za angani hazizioni. Wenyewe wanaomba nisiwaandike. Anayewasemea ni mama mmoja, Nizigiyimana. Wazazi wao walivuka kutoka Burundi zamani sana. Wao wamezaliwa hapa, wameoana hapa, wanazikana hapa, ila karatasi hawana. Aliniwekea ugali wa muhogo na maharage, akangoja nimalize kula, ndipo akasema, "Mwana wanje, mwanangu, tukiandikwa tutafukuzwa. Utupite tu." Siku ya sensa walishinda porini na watoto wao.

Nisipowaandika nimedanganya. Nikiwaandika, sijui yatakayowapata. Marehemu mama aliwahi kuniambia kwamba ujanani ulikuwa karani wa kuandika nyumba za watu, ingawa wewe hujatusimulia hata siku moja. Nishauri, baba.

Mwanao,
Asmahani


Heru Juu, Kasulu
15 Juni 2023

Mwanangu Asmahani,

Waalaykum salaam. Marahaba, mama. Mgongo uko palepale, mihogo imeanza kuliwa na nguruwe pori, na masikio yangu uyaache kama yalivyo.

Mama yako, Mungu amrehemu, hakutakiwa kukwambia. Basi nakueleza mara moja, usiniulize tena. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba, mwandiko wangu unasifiwa. Nikapewa daftari, nikaambiwa nipite vilima vya Kitanga niandike kila nyumba. Nilijiona mkubwa mno. Niliandika mpaka nyumba ya shangazi yangu Kudra, aliyenilea. Na yeye ndiye aliyenionyesha majirani waliokaa nyuma ya kilima, ili kazi yangu isiwe na dosari.

Baada ya mavuno yakaja malori ya serikali kuwahamishia watu vijijini. Daftari langu lilikuwa mkononi mwao, hawakukosa hata nyumba moja. Mapaa yaling'olewa wenyewe wakitazama. Wakashushwa kwenye kijiji kipya bondeni, mvua ikawakuta hawajajenga. Shangazi alikohoa wiki tatu akafa. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Waruke hao watu. Pita kama mtu ambaye hakuona. Hiyo ni amri, si ushauri.

Baba yako,
Badru


Kibondo
28 Juni 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nguruwe wamekuachia walau mbegu.

Nimefanya ulivyosema. Kishikwambi kinauliza: makazi, shamba au msitu? Kumrinzi nimeiandika msitu, nikatia sahihi. Nizigiyimana alinishika mikono yote miwili, akanipa kuku wa kienyeji, nami nikambeba kwenye pikipiki hadi mjini akinidonoa njia nzima. Ramani imebandikwa ukutani ofisini, kila anayeingia anaisifia. Naona nimefanya jambo jema. Sasa nataka kulala siku tatu.

Mwanao,
Asmahani


Kibondo
17 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini swaumu inakwenda salama na umepata wa kukupikia futari. Mimi siumwi, lakini mzima siwezi kusema.

Surua imeingia vilimani tangu mwezi wa kwanza. Timu za chanjo zilipanda haraka, na zilipanda zikifuata ramani yangu, maana ndiyo inayotumika sasa. Walifika kila kitongoji nilichokiandika. Msituni hawakwenda, wafuate nini huko?

Kumrinzi wamezika watoto wanne. Mmoja ni Gentille, mjukuu wa Nizigiyimana. Alikuwa na miaka mitatu, siku ile alinishika sketi akitaka kubonyeza kishikwambi.

Mama yule amekuja kwa miguu mpaka ofisini. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Alikaa kwenye benchi mpaka watu wakapungua, akasema, "Bado kuna watoto kumi na saba. Tuandike sasa." Alisema yeye peke yake ndiye anayetaka, wenzake bado wanaogopa.

Kuibadilisha ramani lazima nieleze kwa maandishi kwa nini niliandika msitu mahali penye nyumba. Nikieleza, kazi imekwisha.

Uliniamuru, baba. Na mimi nilifurahi kuamriwa, maana nilikuwa nimechoka kufikiri. Sasa niambie nifanye nini.

Asmahani


Heru Juu
24 Machi 2024

Mama yangu Asmahani,

Salaam. Barua yako ilifika wakati wa kufuturu. Uji uliganda bakulini.

Basi naandika ukweli. Uliponiuliza mwaka jana, sikuwafikiria watu wa Kumrinzi. Siwajui. Nilimfikiria shangazi. Nilitaka pawe na kilima kimoja ambacho mtu wa ukoo wangu amekipita bila kukiandika. Nilikutumia wewe kujiponya, na watoto wa watu wamelipa. Nisamehe.

Nenda ukaseme. Waambie baba yako, mzee kiziwi wa Heru Juu, ndiye aliyekuamuru, na jina langu uliandike. Kazi ikiisha, hapa nyumbani pako. Ila wapeleke manesi kwanza, hayo mengine yafuate.

Baba yako,
Badru


Kumrinzi
16 Aprili 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kutoonekana siku ya Idi. Natumaini ulipata nguo safi na mtu wa kukushika mkono kwenda kuswali.

Nilimweleza mkuu kila kitu. Jina lako sikulitaja, yalikuwa makosa yangu. Aliniacha nirekebishe ramani kwa mkono wangu, kisha akakichukua kishikwambi. Nafasi yangu amepewa mwingine. Jumamosi nikapanda huku na nesi Yasmini, boksi la chanjo begani, mvua inanyesha, tumeanguka mpaka tukaacha kuhesabu.

Watu hawapo, baba. Kuna mtu sokoni Mabamba alisema Kumrinzi imeandikwa, wakaondoka Alhamisi na mikeka yao na mbuzi. Wengine wamevuka, wengine wako porini. Watoto wote wamekwenda nao. Amebaki Nizigiyimana tu, hawezi kuliacha kaburi la Gentille.

Hakunifukuza. Alinipa kigoda. Nikamwuliza watoto wameelekea wapi, tuwafuate. Alinitazama sana, akasema, "Nikikwambia, utaandika?"

Nikamwapia kwamba siandiki tena kitu. Hakuniambia.

Yasmini alingoja mpaka alasiri, akateremka na boksi lake likiwa limejaa. Mimi nilibaki. Leo ni siku ya tatu, nampalilia mama huyu maharage, wala simuulizi tena walipo watoto. Yasmini amesema nikipata neno nimtume Fidele, atapanda hata kama ni mara kumi.

Usiningoje nyumbani Ijumaa, baba. Nimechoka mno, lakini nitakaa hapa mpaka aniamini.

Mwanao,
Asmahani