Ni Mimi Niliyeigusa Saa ya Seva

Halima, mwanangu,

Mungu akulaze pema. Daktari anasema moyo wangu umechoka, na sitaki kukufuata huko nikiwa bado nimelificha jambo hili.

Ofisi ya chama chetu cha wafugaji ungeicheka leo. Kila kompyuta ina nywila yake tena, imebandikwa kwa karatasi kando ya kioo. Karani akiugua, kazi inasimama. Wewe, fundi wetu wa kompyuta, ulitaka kila mtu awe na jina moja na nywila moja, zitunzwe kwenye seva, ile kompyuta kuu, afungue kompyuta yoyote: zile za Windows, zile mbili kuukuu ulizozifufua kwa Linux, hata ile Mac tuliyopewa na wafadhili. Sikuelewa. Ukanicheka kidogo: "Mwalimu, ni kama lango la soko la mifugo. Ukishajulikana pale, ndani hakuna anayekuuliza tena." Nilikufundisha hesabu darasa la sita, na siku hiyo nikawa mwanafunzi wako. Nilifurahi sana, Halima. Sikukuambia.

Ulipotoka kwenda kuswali adhuhuri uliniachia kiti chako, seva ikiwa wazi, kwa kuniamini. Unajua saa yangu ya mkononi naiweka mbele dakika kumi, nisichelewe msikitini. Nikaona ya seva iko nyuma. Nikaisogeza ilingane na yangu. Nilidhani nakusaidia.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Kompyuta za Windows ziliifuata saa ya seva. Zile nyingine, zinazochukua saa kwenye intaneti, zikamkataa kila mtu. Na vibali vya mifugo vilitolewa kwa hizo. Malori yakapanga foleni hadi barabarani. Mzee mmoja wa kamati akapaza sauti, "Huyu msichana ametufungia zizi, na ng'ombe wetu wako ndani!" Watu wakacheka. Wewe uliinama kwenye seva mpaka ukaona kosa, ukageuka, ukauliza, "Nani amegusa saa? Saa zikipishana zaidi ya dakika tano, kompyuta zinamwona kila mtu ni mwizi."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Mimi, mwenyekiti wa chama. Nikaangalia viatu vyangu.

Kamati ikasema umetuharibia kazi, na barua ya kukuachisha niliitia sahihi mimi. Uliisoma, ukasema tu, "Asante, Mwalimu." Ukarudi kwenu Merti kutengeneza simu. Huko ndiko homa ilikokukuta, na mimi hata mazishini sikuja. Niliona haya kumtazama mama yako.

Wiki jana nilimwendea. Pikapu ilinitikisa mpaka nikadhani sitafika. Nilimwambia yote. Alinimiminia chai, kisha akasema, "Alijua ni wewe. Alisema hawezi kumwaibisha mwalimu wake mbele za watu."

Halima... ile chai niliiacha kikombeni.

Alhamisi kamati inakaa. Mwanangu mkubwa anasema nitume barua, nisijichoshe. Barua nimeiandika, iko kwake, ataisoma nikitangulia kuondoka. Lakini nikiamka siku hiyo, nitakwenda, hata kwa kubebwa kwenye kiti. Wale waliocheka wengi bado wapo. Nitasimama mbele yao na kusema kazi yako ilikuwa nzuri, aliyeiharibu ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi.

Lala kwa amani, binti yangu. Uliniheshimu kuliko nilivyostahili.

Mwalimu wako