Njaa Yako Tunaisoma Darasani

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza maneno bila shikamoo ungenitazama vibaya.

Sisi hatujambo. Mvua zimekuja vizuri mwaka huu, mahindi ya nyuma ya nyumba yako yameshika, na yule kuku wako mkorofi bado anakwenda kutaga jikoni kwa jirani. Nakukumbuka mno. Jioni nikitoka shule miguu inakata kona yenyewe kuja kwako, halafu nakumbuka, narudi zangu nyumbani Manundu taratibu.

Nina habari, na ukikasirika univumilie. Ile njaa yako sasa inafundishwa shuleni.

Usinilaumu mimi, mlaumu mtani wako. Siku ya kukuzika, Mzee Masanja, yule Mnyamwezi wa kambi ya mkonge Ngombezi, alishuka kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Akapaza sauti mbele za watu wote: "Huyu Mzigua ndiga zilishindwa kumuua huko Kang'ata, leo anakuja kufa na wali tumboni!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nikacheka, Mama, kilio kikanishika humo humo kwenye kicheko. Miaka yote ulituambia mambo ya njaa hayatoki nje ya mlango. Mtani kayatoa mchana kweupe, na mtani nani atamzuia?

Wanafunzi wangu wa darasa la nne walikuwepo, wengi ni watoto wa kambini. Niliporudi kazini hata chaki sijashika wakaniuliza, "Mwalimu, ndiga ni nini?"

Nikadhani ni jambo la kujibu mara moja likaisha. Wapi! Limekula muhula mzima. Kwenye somo la mimea nikawaeleza kile kiazi cha porini chenye sumu: kinamenywa, kinakatwa vipande, kinalazwa kwenye maji ya mto yanayotembea mpaka sumu iishe, kisha kinaanikwa, ndipo kichemshwe. Mtoto mmoja wa Kimakonde akasema hiyo si ming'oko tu, viazi vya porini ambavyo kwao wanachemsha wanakula. Nilimrukia! Nikamwambia akithubutu kuchimba ndiga akaichemsha hivyo hivyo atatupa msiba mwingine.

Kwenye jiografia tukachora uwanjani kwa fimbo njia mliyopita mkiikimbia njaa: Kang'ata, Handeni, Mto Pangani, mpaka Ngombezi, Baba alikopata kazi ya kukata mkonge. Wakaitembea yote, vikapu vitupu vichwani, wengine wanajifanya wanachechemea. Kwenye insha nikawaambia kila mmoja akaulize nyumbani wazazi wake walifikaje hapa. Ee Mama! Kumbe kambini kila nyumba ina njaa yake imeifungia ndani kama wewe.

Mwalimu Mkuu hakupendezwa. Alikuja akasimama dirishani wakati wa Hesabu, akauliza, "Hili ni somo au matanga?" Alitaka niiache hiyo hadithi, nirudi kwenye kitabu. Maneno yake yaliniuma, kwa sababu hata mimi nilikuwa najiuliza kama nimekuanika. Wewe ulitaka kusitirika, na mimi mwanao nakuandika ubaoni. Nikaamua nimalize hesabu moja tu, kisha basi.

Nikawapa ile uliyozoea kusema: kila jioni njiani ulitoa vipande vinane vya ndiga kikapuni, kila mtu akapata viwili. Kugawa tu, hesabu nyepesi. Zaina, binti mmoja mwenye domo kuliko darasa zima, akasema, "Mwalimu, umekosea." Nikamwambia haya, nionyeshe. Akainua vidole, maana safari hiyo ameshaikariri: Bibi, Baba, Kaka, mimi niliyekuwa ndiyo kwanza nimeanza kula, na wewe.

"Hao watano, Mwalimu. Vipande ni vya watu wanne."

Nikahesabu na mimi kwa vidole. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni, na sikuwahi hata siku moja kuigawa. Nikakumbuka zamani nilikuuliza wewe ulikula saa ngapi, ukasema ulikula huku unatembea. Ulikula nini, Mama? Zaina akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mama wa Mwalimu hakula?" Pale dirishani Mwalimu Mkuu akakohoa, akasema, "Endelea, Mwalimu."

Basi nimeendelea, na aibu imeniisha. Naandika haya machozi yananitoka, lakini nina furaha, wallahi nina furaha. Nimekujua zaidi mwaka huu kuliko miaka yote niliyokula kwa mkono wako.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi kila darasa nitakalolipitisha kwenye njia ile, mtu wa kwanza kuhesabiwa utakuwa wewe.

Mwanao,
Mwajabu