Wakili wa Kuonyeshwa

Chicago, 4 Machi

Mama mpendwa,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi hauji kwa furaha. Kile kiwanda cha matrekta, mteja wetu mkubwa, kimetoa sharti: ofisi ya mawakili isiyoweka wanawake na watu weusi kwenye kesi zake haipati kazi. Jana Bwana Halvorsen, bosi ambaye miaka yote ananiita Yvonne, kanipeleka mbele yao. Kesi tumepewa.

Binti yako, Lavonne

Mjini Mobile, 11 Machi

Mwanangu,

Mgongo ni ule ule. Kanisani nimewatangazia wote, hasa Dada Odessa, ambaye kwa huyo mwanawe daktari hatupumui. Sasa niambie, mbele yao ulisema nini?

Mama yako

Chicago, 2 Mei

Mama,

Pole na mgongo. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Sikusema kitu, nilitabasamu tu. Tangu siku ile sijapewa hata karatasi moja ya kesi. Mwisho wa mwezi tuna semina ya kuheshimiana kazini, pamoja na watu wa kiwanda. Bosi ameniagiza nikae mbele.

Lavonne

Mobile, 9 Mei

Mwanangu,

Kwa hasira mgongo umenyooka wenyewe. Sikukusomesha uwe ua la mezani. Ukiulizwa, sema. Wakikufukuza, chumba chako kipo na bamia zipo.

Mama yako

Mobile, 20 Juni

Lavonne, hujambo? Mbona kimya, na simu hupokei? Wamekufukuza?

Mama

Chicago, 24 Juni

Mama,

Nisamehe, ni mzima kabisa. Kwenye semina tulipangwa wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake kazi yake kwenye kesi. Nikaangukia kwa Bi Ibarra, mwanasheria mkuu wa kiwanda. Halvorsen akanikodolea macho. Nikasema, "Mimi nililetwa nionekane. Kesi siijui."

"Ukipewa utaiweza?"

"Naiweza."

Akamgeukia bosi. "Mpe, ama sisi tunahama."

Tangu hapo nalala na mafaili. Jumatatu namhoji mimi shahidi mkuu wa wapinzani wetu, mahakamani. Naogopa, na kwa furaha siwezi hata kukaa kitini.

Binti yako, Lavonne

Ujumbe wa simu, Jumatatu, 29 Juni

Hujambo mwanangu. Tumekuja na basi, mgongo nitaulalamikia kesho. Niko humu mahakamani, benchi la nyuma, na kofia yangu ya Pasaka. Odessa nimemleta aone. Usigeuke. Simama useme.

Mama yako