Ile Diski ya Zamani Yenye Sauti ya Mama Yako

Mtaa wa Stesheni,
Itigi, Singida.
14 Julai 2024

Mpendwa mpwa wangu Radhia,

Assalaam alaykum. Marahaba, maana najua hata kwa mbali hivyo umeshaniamkia. Huko Lindi hamjambo? Mumeo Othmani kifua kimepona? Sisi wazima, ila baridi na upepo wa mwezi huu vinatutesa. Mkaza mjomba wako Rahma goti linamsumbua, lakini mdomo mzima.

Uliniuliza kama ile diski ya kisasa, SSD, kweli inaifanya laptop iwe nyepesi, maana unataka kuwashauri walimu wenzako. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekudanganya.

Ni kweli tupu. Ile laptop uliyoniachia baada ya arobaini ya mama yako, zamani nikiiwasha Rahma anainjika chai, inachemka, tunakunywa, ndipo inafunguka, tena inakoroma kama mashine ya kusaga. Sasa naanza Bismillahi, sijafika mwisho, imeshawaka. Kimya! Mtandao ni uleule wa kuvuta kwa kamba, hapo usiwadanganye walimu. Lakini kuwaka na kufungua mafaili, mama, ni duma. Nilitangaza mtaa mzima kwamba kuanzia hapa hadi Manyoni hakuna laptop ya kushindana na yangu.

Sasa nipige moyo konde nikwambie la pili.

Fundi niliyempelekea kule Singida mjini anaitwa Sostenes. Aliniuliza, "Mzee, kuna vitu vya kuhamisha humu?" Palikuwa na watu wanasikiliza. Nikamjibu, "Kijana, mimi vyangu vyote viko kichwani." Wakacheka, nami nikavimba. Alipochomoa diski ya zamani nikamwambia abaki nayo, kama tunavyowaachia mafundi pikipiki vyuma vikuukuu. Nilidhani vitu vinakaa kwenye laptop yenyewe, na diski ni kama betri ya tochi tu.

Ijumaa nikamwita Rahma tumwangalie mama yako, ile video ya harusi yako. Laptop ikawaka upesi, na ndani hamna kitu. Rahma hata chai alikuwa hajainjika. Akaniuliza, "Wifi yangu yuko wapi?" Mimi Abdillahi nikaizima, nikaiwasha tena, bado hamna.

Kurudi Singida, naambiwa Sostenes amehamia Shelui, anatengeneza simu za madereva wa malori. Nikamfuata hukohuko. Diski nikaikuta mezani, ameikandamizia makaratasi yasipeperushwe na upepo. Anasema hajaifungua wala kuifuta, ila iliwahi kuanguka sakafuni mara moja. Akataka kuichomeka tujaribu, huku mwenyewe ananieleza kwamba hizi za zamani ndani kuna kisahani kinazunguka, kikiwa kimeumia, kuiwasha ovyo ndiyo kuimaliza. Nikamdaka mkono.

Basi Radhia, kabla hujanikasirikia, nijibu hili: ile video unayo mahali pengine? Kwenye simu, kwa Othmani, popote? Kama ipo, nitapumua. Kama haipo, tafuta mtu anayejua kuokoa vitu, nami nitapanda treni hadi reli inapoishia, niunge gari, niilete hiyo diski mwenyewe. Kama kifurushi cha basi siitumi. Nimeifunga kwenye kanga ya mama yako, iko ndani ya kabati, na mlango wa kabati naufungua kwa kunyata. Hao walimu waambie wahamishe vitu vyao kwanza.

Unakumbuka mle kwenye video mama yako anavyonisuta mbele ya wageni? "Abdillahi, jana fisi uliowafukuza kwa kofia walikuwa wawili, leo watatu, kesho watakuwa jeshi!" Tangu afariki hakuna wa kunisuta tena, na fisi wamefika saba.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, mpwa wangu. Fisi alikuwa mmoja, na wala hakunikimbia. Alikuwa anakwenda zake.

Msalimie sana Othmani, na mwanao Abdulrazaki mwambie babu yake anamkumbuka. Rahma anawasalimu, ingawa mimi ananijibu kwa mkato tangu Ijumaa. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, amlaze mama yako pema, na sauti yake atuachie.

Wako akupendaye, ambaye simu haitoki mkononi,
Mjomba Abdillahi