Viti Viwili vya Masika

Karatu, 9 Februari 2004

Mwanangu Noel,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo Judith na mjukuu wangu Jackline. Sisi hatujambo, ila baba yako. Nikisema naye hajambo nitakuwa mwongo. Miguu imevimba, chakula hakipiti. Anakusubiri akupe baraka ya kifungua mimba. Haiwezi kutolewa kwa simu, anasema, lazima atemee mate kiganjani na mkono uguse kichwa. Mdogo wako Mathias ameanza kusema kwamba yeye pia ana kichwa.

Hotelini ninapofua mashuka, mgeni mmoja aliyekuja Ngorongoro na mkewe ameniambia hawakulipa nauli. Wananunua vitu kwa kadi ya benki, wanapewa pointi, pointi zinageuka tiketi. Wewe uliniambia unayo kadi hiyo. Njoo basi.

Mama yako,
Christina

Minneapolis, 1 Machi 2004

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mpe baba pole nyingi, habari zake zimeniumiza.

Pointi ninazo. Petroli, chakula, hata viatu vya Jackline nanunua kwa kadi, na kila mwezi nailipa yote, maana riba ikikushika pointi hazina faida tena. Lakini viti vya pointi vya kabla ya Mei vimekwisha. Ukikata tiketi ya Julai, watalii wakiwa wengi, pointi zote zinapata kiti kimoja. Mei, wakati wa masika, zilezile zinapata viti viwili. Mwambie baba avumilie.

Mwanao,
Noel

Karatu, 20 Machi 2004

Noel,

Salamu zangu utaniwia radhi, leo sina. Nilimsomea baba yako barua yako, akageukia ukutani. Mtu anakalia kiti kimoja, cha pili cha nini? Unatafuta nafuu ya tiketi na mzee anakwisha. Mathias anataka kuwaita wazee wa ukoo kutoka Rombo ili baraka apewe yeye. Nimemzuia, sijui nitaweza mpaka lini.

Mama yako

Minneapolis, 6 Aprili 2004

Mama,

Shikamoo. Una haki ya kukasirika.

Karatasi zangu za kuishi huku zimekwisha. Nikitoka sitaruhusiwa kurudi, na mke wangu na mtoto watabaki huku peke yao. Sikukuambia kwa kuwa ungekosa usingizi. Viti viwili ni vya Judith na Jackline. Wao karatasi wanazo. Nimeshavikata, watafika tarehe kumi na moja Mei. Naogopa baba atawakataa.

Mwanao,
Noel

Karatu, 16 Mei 2004

Mwanangu Noel,

Mungu akulinde huko uliko. Wamefika salama, matope mpaka magotini. Judith aliingia jikoni kabla sijamkaribisha, nimempenda.

Baba yako aliposikia gari aliuliza Noel yuko wapi. Jackline akamwendea mwenyewe, akainama, akamwambia shikamoo babu. Nikamweleza mzee habari za karatasi zako. Mathias akasema baraka ya kifungua mimba haijawahi kupewa mtoto wa kike.

Baba yako akamjibu Mathias bila hasira: "Aliyetumwa na baba yake ndiye aliyekuja."

Akatemea mate kiganjani, akamwekea mtoto mkono kichwani, akataja babu zetu mmoja mmoja mpaka akafika kwako. Kisha akamwambia Jackline, na mimi nakuandikia kama alivyosema:

"Mwambie baba yako nikifa asije kunizika. Abaki na ninyi. Mimi nimeshamwona."

Mama yako,
Christina